Kuita fanksheni za C kutoka kwenye Python kwa ctypes: mwongozo kamili

Anayeandika programu kwa Python hufika mahali ambapo Python peke yake haimtoshi. Huenda ana hesabu nzito inayorudiwa mara mamilioni, au maktaba ya C iliyokwisha kuaminika kwa miaka mingi ambayo si busara kuiandika upya, au kifaa ambacho mtengenezaji wake ametoa faili la .so (maktaba iliyokwisha kutafsiriwa) na faili la .h (matangazo ya fanksheni zake) bila kitu kingine chochote. Katika hali zote hizo, njia ya karibu zaidi ni ctypes, moduli iliyomo ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, ambayo kwa sababu hiyo haihitaji kusakinishwa. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo tangu faili la kwanza la C hadi majaribio. Mifano imeandikwa kwa ajili ya Linux ya biti 64, na tofauti za Windows na macOS zinaelezwa karibu na mwisho.

Jambo moja lieleweke kabla ya kuanza, kwa kuwa karibu kila tatizo litakalokupata linatoka hapo. Faili la .so la C hubeba majina ya fanksheni, lakini halibebi maelezo ya vigezo vyake. Kompaila ilipokuwa ikitafsiri msimbo wa C ilijua kwamba fanksheni fulani inapokea namba nne za desimali na kurudisha moja. Baada ya kutafsiri, ujuzi huo umetupwa. Python inapolifungua faili hilo inaona jina na anwani tu. Ni wewe unayepaswa kuieleza Python aina ya kila kigezo na aina ya jibu, na hakuna yeyote atakayehakiki kama ulichosema ni kweli.

Kinachotokea fanksheni inapoitwa

Katika Linux kwenye prosesa za x86-64, makubaliano ya kuitana yanasema kwamba vigezo sita vya kwanza vilivyo namba kamili au pointa (anwani za kumbukumbu) hupita katika rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyomo ndani ya prosesa, za rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9, wakati namba za desimali hupita katika rejista nyingine kabisa, xmm0 hadi xmm7. Jibu lililo namba kamili hurudi katika rax, na jibu la desimali hurudi katika xmm0. Lugha mbili zinazoyafuata makubaliano haya zinaweza kuitana bila kujuana kwa lolote jingine. Ndiyo maana C imekuwa daraja la lugha nyingi: Rust, Go, Java na Python hazifanani ndani, lakini zote zinajua kuita fanksheni kwa kufuata makubaliano ya C.

Hapo pia ndipo inapoonekana hatari yenyewe. Ukiiambia Python kwamba jibu ni namba kamili ilhali fanksheni imerudisha desimali, Python itakwenda kusoma rax wakati jibu limekaa xmm0. Itachukua chochote kilichobaki katika rax na kukupa kama jibu, bila onyo na bila kosa.

Hatua ya kwanza: andika upande wa C

Tutajenga maktaba ndogo ya kupima umbali kati ya sehemu mbili za dunia kwa latitudo na longitudo zake, kwa kanuni ya haversine. Hakikisha una kompaila. Katika Debian na Ubuntu amri ni `sudo apt install build-essential`. Kisha andika faili la `umbali.c`:

```c
#include <math.h>
#include <stddef.h>
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>

#define NUSU_KIPENYO 6371.0
#define RADIANI (3.14159265358979323846 / 180.0)

double umbali_km(double lat1, double lon1,
                 double lat2, double lon2)
{
    double dlat = (lat2 - lat1) * RADIANI;
    double dlon = (lon2 - lon1) * RADIANI;
    double a = sin(dlat / 2) * sin(dlat / 2)
             + cos(lat1 * RADIANI) * cos(lat2 * RADIANI)
             * sin(dlon / 2) * sin(dlon / 2);
    return 2.0 * NUSU_KIPENYO * asin(sqrt(a));
}
```

Hakuna chochote cha Python ndani ya faili hili, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya ctypes. Msimbo wa C unabaki C tupu, unaweza kujaribiwa na programu ya C, na unaweza kesho kuitwa na lugha nyingine bila kubadilishwa hata herufi moja.

Hatua ya pili: itengeneze maktaba na uikague

```
gcc -O2 -Wall -Wextra -shared -fPIC -o libumbali.so umbali.c -lm
```

`-shared` inaagiza kutengenezwa maktaba badala ya programu inayojiendesha, na `-fPIC` inaufanya msimbo uweze kupakiwa kwenye anwani yoyote ya kumbukumbu. `-lm` inaunganisha maktaba ya hisabati yenye sin, cos na asin. Usiziache `-Wall` na `-Wextra`, kwa maana maonyo ya kompaila ni ya thamani zaidi hapa kuliko katika programu ya kawaida: upande wa Python hautakuonya.

Kabla ya kuigusa Python, hakikisha kwamba jina la fanksheni limo ndani ya faili na linaonekana kutoka nje:

```
nm -D libumbali.so | grep umbali_km
```

Unatakiwa kuona herufi T ikifuatiwa na `umbali_km`. Kama umetumia kompaila ya C++, utaona jina lililorefushwa kwa herufi za ajabu, kitu kama `_Z9umbali_kmdddd`, kwa kuwa C++ huficha aina za vigezo ndani ya jina. Dawa yake ni kuzizungushia fanksheni zinazoitwa kutoka nje tangazo la `extern "C"`.

Hatua ya tatu: ipakie na uitangazie aina zake

```python
import ctypes
from pathlib import Path

njia = Path(__file__).resolve().parent / "libumbali.so"
maktaba = ctypes.CDLL(str(njia))

maktaba.umbali_km.argtypes = [ctypes.c_double] * 4
maktaba.umbali_km.restype = ctypes.c_double

# Dar es Salaam hadi Unguja Mjini
print(maktaba.umbali_km(-6.80, 39.28, -6.16, 39.19))
```

Jibu linakuwa takriban kilomita 71.9, kwa mstari ulionyooka juu ya bahari. Njia kamili ya faili imejengwa kutokana na mahali ilipo programu yenyewe, kwa sababu ukiandika `"libumbali.so"` peke yake Linux itaitafuta katika saraka za mfumo na kuikosa, hata kama imelala pembeni mwa faili lako la Python.

Sasa ifute mistari ya argtypes (aina za vigezo) na restype (aina ya jibu) kwa makusudi, uendeshe tena. Nashauri kila anayejifunza afanye hivi kwa mkono wake. Bila argtypes, Python itagoma kwa `ArgumentError`, kwa kuwa haijui namna ya kuipeleka namba ya desimali. Hilo ni kosa jema, linajitangaza. Irudishe argtypes na uiache restype ikiwa haipo. Safari hii programu inakwenda hadi mwisho na kuchapa namba kamili isiyo na maana yoyote, kwa kuwa ctypes ikiachwa bila maelezo huchukulia kwamba kila fanksheni inarudisha `int` ya biti 32. Katika hesabu ndefu, namba kama hiyo inaweza kupita hatua nyingi kabla mtu hajaitilia shaka.

Kwa hiyo iwe ni sheria isiyo na msamaha: fanksheni isiitwe kabla ya kutangaziwa argtypes na restype, hata ile isiyopokea kitu (`argtypes = []`) na ile isiyorudisha kitu (`restype = None`). Matangazo yote yakae mahali pamoja, katika moduli moja ya Python ambayo ndiyo pekee inayoijua maktaba ya C. Programu nyingine zote ziite moduli hiyo.

Kuhusu namba kamili kuna la kuongeza. Namba kamili ya Python haina ukomo, ila `int` ya C kwa kawaida inaishia 2147483647. Moduli ya ctypes haikagui kufurika: `ctypes.c_int(2147483648)` inakupa -2147483648 kimyakimya. Kama kiasi kinaweza kuwa kikubwa, tumia `int64_t` upande wa C na `c_int64` upande wa Python, na ukague mipaka katika Python kabla ya kuvuka. Jiepushe na `long`, kwa kuwa ni baiti 8 katika Linux ya biti 64 lakini ni baiti 4 katika Windows.

Hatua ya nne: pitisha miundo na safu

Fanksheni inayopokea namba moja moja haitoshi kwa kazi za kweli. Tuseme tuna orodha ya vituo maelfu na tunataka kilicho karibu zaidi na mahali fulani. Ongeza katika `umbali.c`, kisha uitengeneze maktaba upya kwa amri ya hatua ya pili:

```c
typedef struct {
    double lat;
    double lon;
} Nukta;

ptrdiff_t iliyo_karibu(const Nukta *nukta, size_t idadi,
                       double lat, double lon,
                       double *umbali)
{
    ptrdiff_t bora = -1;
    double ndogo = 0.0;
    for (size_t i = 0; i < idadi; i++) {
        double d = umbali_km(lat, lon,
                             nukta[i].lat, nukta[i].lon);
        if (bora < 0 || d < ndogo) {
            bora = (ptrdiff_t)i;
            ndogo = d;
        }
    }
    if (bora >= 0)
        *umbali = ndogo;
    return bora;
}
```

Fanksheni inarudisha nafasi ya nukta ndani ya safu, au -1 kama safu ni tupu, na inauandika umbali wenyewe mahali ambapo mwitaji ameelekeza kwa pointa. Upande wa Python muundo huo huo unaelezwa upya, sehemu kwa sehemu, kwa mpangilio ule ule:

```python
class Nukta(ctypes.Structure):
    _fields_ = [("lat", ctypes.c_double),
                ("lon", ctypes.c_double)]

maktaba.iliyo_karibu.argtypes = [
    ctypes.POINTER(Nukta), ctypes.c_size_t,
    ctypes.c_double, ctypes.c_double,
    ctypes.POINTER(ctypes.c_double)]
maktaba.iliyo_karibu.restype = ctypes.c_ssize_t

def tengeneza_safu(orodha):
    return (Nukta * len(orodha))(*orodha)

def tafuta(safu, lat, lon):
    km = ctypes.c_double()
    i = maktaba.iliyo_karibu(safu, len(safu), lat, lon,
                             ctypes.byref(km))
    if i < 0:
        raise ValueError("safu haina nukta hata moja")
    return i, km.value
```

Usemi wa `Nukta * len(orodha)` unatengeneza aina mpya, yaani safu yenye urefu huo kamili, na mabano yanayofuata yanaijaza kutoka kwenye jozi za Python kama `(-6.80, 39.28)`. Nimeitenga `tengeneza_safu` na `tafuta` kwa makusudi. Kunakili orodha ya Python kwenda kwenye safu ya C kunagharimu muda, na mara nyingi gharama hiyo ni kubwa kuliko hesabu yenyewe. Safu itengenezwe mara moja, kisha iulizwe mara nyingi.

Angalia pia kwamba idadi inapatikana kwa `len(safu)` ndani ya `tafuta` na haiachiwi mwitaji aitaje. Pointa ya C haijui urefu wa kinachofuata. Ukisema nukta 1000 wakati zipo 900, C itaendelea kusoma kumbukumbu isiyo yake: mara itasoma takataka na kukupa kituo kisichokuwepo, mara mfumo utaizima programu nzima kwa `Segmentation fault`, na `try` yako ya Python haitaona kitu.

Muundo wetu una double mbili tu, kwa hiyo hauna mianya. Miundo mingine inayo. Muundo wenye `char`, kisha `int32_t`, kisha tena `char`, una baiti 6 za data lakini unakaa katika baiti 12, kwa sababu kompaila huiweka namba ya baiti 4 kwenye anwani inayogawanyika kwa 4 na kuujazia mwisho. Kwa kawaida ctypes hufuata utaratibu huo huo, lakini ukikosea mpangilio wa sehemu au aina ya mojawapo, kila kinachofuata kitasomwa kutoka mahali pasipo pake. Kinga yake ni rahisi nayo hutumiwa na wachache kuliko inavyostahili. Weka upande wa C fanksheni ya mstari mmoja inayorudisha `sizeof(Nukta)`, na moduli yako ya Python ilinganishe jibu lake na `ctypes.sizeof(Nukta)` mara tu inapopakiwa. Zikitofautiana, igome kuendelea.

Wanaotumia NumPy hawana haja ya kunakili chochote, mradi data iwe imepangwa mfululizo katika kumbukumbu na iwe ya aina sahihi:

```python
import numpy as np

data = np.ascontiguousarray(data, dtype=np.float64)
assert data.ndim == 2 and data.shape[1] == 2
p = data.ctypes.data_as(ctypes.POINTER(Nukta))
i = maktaba.iliyo_karibu(p, data.shape[0], lat, lon,
                         ctypes.byref(km))
```

Usiiruke `ascontiguousarray`. Kipande kama `data[::2]` ndani ya NumPy kinaonekana safu ya kawaida, ilhali katika kumbukumbu kinaruka mstari mmoja baada ya mwingine. C haijui kuruka huko, nayo itasoma mistari yote ya mwanzo, ikiwemo ile uliyoitaka iachwe. Na `data` ibaki hai muda wote C inapoisoma, isiwe kitu cha kupita kilichotengenezwa ndani ya mabano ya mwito mwingine.

Hatua ya tano: mifuatano ya herufi, na nani anamiliki kumbukumbu

Hapa ndipo maktaba nyingi huharibika. Mfuatano wa Python ni Unicode. Wa C ni baiti zinazoishia na sifuri. Ukipeleka `"Mombasa"` kwa fanksheni isiyotangaziwa argtypes, ctypes itaupeleka kama herufi pana, na katika Linux kila herufi inachukua baiti 4. C inayotegemea baiti moja kwa herufi ya ASCII itaiona M, itakutana na sifuri papo hapo, na kuhitimisha kwamba neno lote ni "M". Njia sahihi ni kutangaza `c_char_p` na kupeleka `"Mombasa".encode("utf-8")`. Ikiwa fanksheni ya C itaandika ndani ya nafasi hiyo, usiipe baiti za Python kamwe, kwani hizo hazitakiwi kubadilika. Mtengenezee nafasi kwa `ctypes.create_string_buffer(256)` na umpe pia ukubwa wake.

Mfuatano unaorudishwa na C unahitaji uangalifu zaidi. Tazama fanksheni hizi mbili:

```c
char *maelezo(double km)
{
    char *s = malloc(64);
    if (s == NULL)
        return NULL;
    snprintf(s, 64, "kilomita %.1f", km);
    return s;
}

void achia(char *s)
{
    free(s);
}
```

Wazo la kwanza litakuelekeza uandike `restype = ctypes.c_char_p`, na jibu litaonekana zuri. Tatizo ni kwamba ctypes ikikutana na `c_char_p` kama jibu huigeuza mara moja kuwa baiti za Python, na pointa ya asili inapotea. Huna tena cha kuipa `achia`, na kila mwito unaacha baiti 64 zisizorudishwa. Katika programu inayofanya kazi dakika mbili hutaona kitu. Katika seva isiyozimwa, kumbukumbu itapanda hadi iishe. Ipokee pointa kama ilivyo:

```python
maktaba.maelezo.argtypes = [ctypes.c_double]
maktaba.maelezo.restype = ctypes.c_void_p
maktaba.achia.argtypes = [ctypes.c_void_p]
maktaba.achia.restype = None

def maelezo(km):
    p = maktaba.maelezo(km)
    if not p:
        raise MemoryError("C imekosa kumbukumbu")
    try:
        return ctypes.string_at(p).decode("utf-8")
    finally:
        maktaba.achia(p)
```

Kila mstari wa matangazo manne una kazi. Ukiisahau restype ya `maelezo`, anwani ya biti 64 itakatwa iwe biti 32. Ukiisahau argtypes ya `achia`, kukatwa huko kutatokea wakati wa kurudisha, na `free` itapewa anwani ambayo `malloc` haikuitoa kamwe. Programu itaanguka, au mbaya zaidi, haitaanguka leo.

Kanuni ya umiliki ni moja: aliyeomba kumbukumbu ndiye anayeirudisha, kwa njia ile ile aliyoiombea. Maktaba inayorudisha kitu kilichotengenezwa kwa `malloc` iwe na fanksheni yake ya kukiachia, na Python iite hiyo badala ya kutafuta `free` kwingineko. Katika Windows maktaba mbili ndani ya programu moja zinaweza kuwa na hazina tofauti za kumbukumbu, na kurudisha mahali pasipo pake ni kuharibu zote mbili. Ukipata nafasi ya kuchagua, buni fanksheni za C ziandike ndani ya nafasi iliyotolewa na mwitaji, kama tulivyofanya kwa `umbali` katika hatua ya nne. Suala la umiliki linakuwa halipo.

Hatua ya sita: C ikihitaji kuita Python

Baadhi ya maktaba hutaka wapewe fanksheni ya kuita kila wanapofika hatua fulani. Tuseme maktaba ina `chambua(mwito, n)` inayopokea pointa ya fanksheni:

```python
AINA_YA_MWITO = ctypes.CFUNCTYPE(None, ctypes.c_size_t,
                                 ctypes.c_double)

def ripoti(i, km):
    print(i, round(km, 1))

mwito = AINA_YA_MWITO(ripoti)
```

Kigeu `mwito` lazima kiendelee kuishi kadiri C inavyoweza kukiita. Ukiandika `maktaba.sajili(AINA_YA_MWITO(ripoti))` na C ikahifadhi pointa hiyo kwa matumizi ya baadaye, Python itakifuta kitu kile mara mstari unapokwisha, na C itaita anwani isiyo na kitu. Vilevile, kosa likitokea ndani ya `ripoti` halitapanda kupitia C hadi kwenye `try` yako; litachapwa na kupuuzwa. Linase ndani ya `ripoti` yenyewe, ulihifadhi, na ulitoe upya baada ya C kumaliza.

Hatua ya saba: jaribu, kisha pima

Andika toleo la Python tupu la kila fanksheni na ulinganishe majibu kwa data nyingi ya kubahatisha, pamoja na hali za pembeni: safu tupu, nukta moja, nukta mbili zinazolingana, longitudo za 180 na -180. Programu ikizimika ghafla, iendeshe kwa `python3 -X faulthandler jaribio.py`, chombo hiki, kilichomo ndani ya Python tangu toleo la 3.3, kitakuonyesha mstari wa Python uliokuwa ukitekelezwa wakati wa ajali. Kwa makosa ya kumbukumbu yasiyozimisha programu, itengeneze maktaba upya ukiwa na kikaguzi cha anwani:

```
gcc -g -O1 -fsanitize=address -shared -fPIC \
    -o libumbali.so umbali.c -lm
ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0 \
LD_PRELOAD=$(gcc -print-file-name=libasan.so) \
    python3 jaribio.py
```

Ukisoma nukta moja zaidi ya mwisho wa nafasi iliyoombwa kwa `malloc`, kikaguzi kitasimamisha programu na kukutajia mstari wa C wenye kosa. Utafutaji wa kumbukumbu zinazovuja umezimwa hapo kwa sababu Python yenyewe huacha vitu vingi hadi mwisho, na ripoti ingejaa visivyokuhusu.

Baada ya usahihi, pima kasi kwa `timeit`. Kuita `umbali_km` kwa jozi moja moja kutoka kwenye Python kunaweza kusikupe faida ya maana, kwa kuwa kila mwito wa ctypes unalipia kugeuza vigezo na jibu, na hesabu yenyewe ni fupi. Faida huja pale ambapo mwito mmoja unafanya kazi kubwa, kama `iliyo_karibu` juu ya nukta laki moja. Kwa hiyo usiihamishie C fanksheni iliyo ndani ya kitanzi. Ihamishe pamoja na kitanzi chake.

Kuna faida nyingine isiyosemwa mara nyingi. Maktaba iliyofunguliwa kwa `ctypes.CDLL` inaitwa kufuli kuu la Python (GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza Python kwa wakati mmoja) likiwa limeachiwa, hivyo nyuzi nyingine za programu (threads) zinaendelea kufanya kazi wakati C inakokotoa. Ukigawa utafutaji wako katika nyuzi nne, zinaweza kukimbia kwa pamoja kwenye prosesa nne. Sharti ni kwamba msimbo wa C usitumie vigeu vya `static` au vya programu nzima (global) bila ulinzi. Kwa maktaba ambayo yenyewe inaita fanksheni za ndani za Python kuna `ctypes.PyDLL`, ambayo haiachii kufuli.

Windows na macOS

Katika macOS tengeneza faili la .dylib kwa `-dynamiclib`, na uhakikishe usanifu unalingana: Python ya arm64 haiwezi kupakia maktaba ya x86_64. Katika Windows faili ni .dll, na kila fanksheni inayoitwa kutoka nje inahitaji `__declspec(dllexport)` ikiwa unatumia kompaila ya Microsoft. Tangu Python 3.8, .dll nyingine ambazo maktaba yako inazitegemea hazitafutwi tena katika PATH. Saraka yake itajwe kwa `os.add_dll_directory`.

Wakati wa kuchagua njia nyingine

Kwa fanksheni chache zenye vigezo rahisi, ctypes inatosha na inapendeza kwa kutohitaji chochote cha ziada. Maktaba yenye fanksheni mia na miundo mingi ni suala jingine, kwa kuwa kuiandika upya kila aina kwa mkono ni kuzalisha makosa. Hapo cffi inafaa zaidi, kwani inakubali matangazo ya C yaliyonakiliwa karibu kama yalivyo kutoka kwenye faili la .h. Kwa C++ yenye madarasa na violezo, pybind11 ndiyo ya kuanza nayo. Anayetaka kuongeza kasi ya msimbo wake mwenyewe wa Python bila kuandika C ajaribu Cython. Na kama upande wa pili ni Rust, ukitangaza fanksheni zake kwa `extern "C"`, uzizuie zisibadilishwe majina na kutengeneza maktaba ya aina ya cdylib, basi hatua zote za hapo juu zinafaa kama zilivyo, isipokuwa amri ya kompaila.

Kwa upande wa Java, JNI imekuwapo tangu mwaka 1997, nayo inakulazimu kuandika msimbo wa C wa kati. Tangu Java 22 ya Machi 2024 kuna njia rasmi inayofanana sana na ctypes, ambayo unatangaza aina za vigezo ndani ya Java yenyewe na kuita maktaba ya C moja kwa moja. Faili lile lile la `libumbali.so` tulilotengeneza linaweza kuitwa kutoka huko bila kutengenezwa upya.